Angalia Viatu

Uthiru, Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Bi Kijakazi, Kibokoni, Mombasa.

Salamu nyingi, na ukae chini kwanza kabla hujaendelea kusoma. Umekaa? Haya. Mimi Mbuthia, yule mpiga picha uliyekuwa ukimwita Mharibu Filamu, sasa ni mtu mkubwa. Picha zangu kumi na mbili zimetundikwa huko Hurlingham, barabara ya Argwings Kodhek, kwa ukuta mweupe kuliko shuka za hospitali. Watu wa suti wanasimama mbele yake na glasi mkononi, wanalaza kichwa upande mmoja, wanasema "mmm". Mmoja alitaka kunishika mkono kama mtu anayemshika askofu.

Nimesoma tena hapo juu nikakuona vile umekunja uso, kwa hivyo wacha nirekebishe. Hakuna picha imetundikwa. Ziko chini ya kitanda changu ndani ya bahasha ya eksirei. Watu wa suti hawajakuja. Kuna msichana mmoja tu, Anita, mwenye kusimamia hiyo nyumba ya maonyesho, na aliyesema "mmm" ni yeye, mara mbili. Lakini ukuta ni mweupe kweli. Hapo sikudanganya.

Utauliza kwa nini naandika barua na simu ninayo. Simu yangu Waithera huisoma. Binti yangu ni mtu mzuri, lakini ni karani wa bima, na karani wa bima akiona ngazi anaona mtu ameanguka. Kwa hivyo barua nampelekea mpwa wako Ridhwan, muuza vitambaa, dukani kwake Biashara Street, naye anaitia ndani ya furushi lake la kila wiki la Mombasa. Usimkemee. Nimemwambia ni mambo ya mapenzi, akaona haya hata hakuuliza zaidi.

Sasa picha zenyewe. Unakumbuka miaka kumi na tisa pale River Road, ghorofa ya pili, mimi nikipiga na wewe ukisafisha kwenye chumba cha giza? Unakumbuka wimbo wangu: kidevu juu, mabega chini, usitikisike. Nimewaambia watu wa Nairobi wasitikisike mpaka ulimi ukaota sugu. Sasa nimechoka kuwaambia. Nawaacha watikisike. Waithera alinipa kakamera kake ka zamani nipige wajukuu wakibatizwa, na mimi nakapeleka mjini saa ya watu kutoka kazini. Nimekutilia moja humu ndani. Inaitwa "Niko Njiani". Usiigeuze, hapo juu ndipo juu.

Na usidhani nimesahau ule mkanda wa mwaka wa tisini na saba. Picha thelathini na sita. Ulitoka chumba cha giza ukaniambia mkanda umeungua. Sikukuuliza swali hata moja, nilichukua kofia nikaenda. Lakini sijasahau.

Ni mimi, mashuhuri wa hivi karibuni,
Mbuthia


Kibokoni, Mombasa, 15 Februari 2025

Mbuthia,

Salamu alaikum. Barua yako imenifikia ikinukia bafta za Ridhwan. Nilikaa chini kama ulivyoamrisha, nikanyanyuka kwenye mstari wa nane, maana nakujua. Uongo wako haujawahi kudumu aya mbili. Hata ukidanganya ni mvivu.

Na huyo mpwa wangu amenipigia simu kwa sauti ya chini kuniuliza kama nina habari ya kumwambia. Nikamwambia habari ni kwamba yuko mzee Uthiru hana kazi ya kufanya.

Picha nimeitazama. Nimeitazama kwenye taa, nikaitazama dirishani, nikamwonesha jirani akauliza kama ni kitambaa. Naona buluu imepita, naona kijivu kimepita, naona wekundu kidogo kama mtu kamwaga mchuzi akaufuta kwa kiganja. Watu siwaoni, naona mahali walipokuwapo. Wewe ndiye uliyekuwa ukipiga picha za pasipoti hadi nywele za nyusi zikaonekana moja moja. Nikiosha picha zako nilikuwa sihitaji kuongeza kitu.

Basi nikuulize, na usinijibu kwa mzaha. Macho yako yako vipi? Ridhwan aniambia juzi uliingia dukani kwake ukaugonga mlango wa kioo kwa paji la uso, ukauomba msamaha. Aniambia pia ukisoma bei ya kitambaa unafunika jicho moja. Na mkono? Mkono wako bado watulia?

Siulizi kwa ubaya. Aliyekaa gizani na kazi yako miaka kumi na tisa ana haki ya kuuliza.

Ya mkanda ule yaache yalale.

Kijakazi


Uthiru, Jumapili, 2 Machi 2025

Bi Kijakazi,

Mlango wa Ridhwan ulikuwa safi mno. Hiyo ndiyo hadithi yote.

Lakini umeniuliza kwa dharau, na mimi dharau huijibu haraka kuliko heshima. Nitakueleza vile nafanya. Saa kumi na moja jioni niko Moi Avenue, pale kwenye vyuma vya kuzuia watu wasivuke ovyo. Mfukoni nina kamfuko ka maharagwe. Ndiyo, maharagwe. Ni kale Wangeci alinishonea kwa kitambaa cha pazia, Mungu amrehemu mke wangu, aliona nikilalamika kwamba mguu wa kamera ni mzito kubeba. Nakaweka juu ya chuma, nalaza kamera juu yake, napumua nje, nabonyeza. Shata, kile kilango cha ndani ya kamera, inabaki wazi robo sekunde. Robo sekunde ni kitu kidogo, lakini mwambie mtu wa Nairobi. Kwa robo sekunde amekosana na bosi, amevuka barabara, ameambia mtu kwa simu "niko karibu kufika" na bado yuko kwa lifti. Mimi nachukua hiyo yote. Wanawake wanatoka ofisini na viatu vya kazi ndani ya mfuko wa karatasi, miguuni champali, wanakimbia kama nyumba inaungua, na nyumba haiungui, ni mtoto anangoja na dada wa kazi anataka kwenda. Uso wa mtu kama huyo ukiupiga ukiwa umetulia umemsingizia. Hautulii. Hata akilala hautulii.

Halafu kuna faida nyingine. Zamani watu walitulipa tuwapige picha. Siku hizi ukiinua kamera mjini mtu anadhani umetumwa na mkewe. Wiki jana soja wa jengo moja alinikuta.

"Mzee, hapa hakupigwi picha. Futa."

"Futa wewe," nikasema, nikampa kamera.

Akaangalia. Akaigeuza. Akaangalia tena. "Hii ni nini sasa?"

"Ni watu wa jengo lako wakitoka kazi."

Kisha akaweka kidole kwa kioo. "Huyu wa buluu," akasema, "hivi ndivyo nasikia ndani nikiona namba ya landilodi ikiingia."

Akanirudishia kamera. "Endelea, mzee. Lakini simama kando, usizuie mlango."

Hiyo ndiyo leseni yangu, na haina tarehe ya kuisha.

Sasa sikia balaa. Anita alitaka namba ya simu ya mtu wa familia, nikampa ya Waithera, mjinga mimi. Wakaongea nusu saa. Waithera alikuwa ameshaona zile picha chini ya kitanda akifagia, akakaa juu ya godoro na kulia. Alidhani ni ugonjwa. Alimwambia Anita babangu macho yanamwisha na mkono unatetemeka. Na Anita, badala ya kushtuka, akafurahi. Ameniletea karatasi. Maonyesho yatakuwa ya mwezi wa nne na jina lake ni "Macho Yanayozimika: Picha za Mwisho za Mzee wa Uthiru". Nilimuuliza nani amekwambia ni za mwisho. Akasema hiyo itagusa watu.

Nikikataa hilo jina, picha zinarudi chini ya kitanda. Na huku nyumbani Waithera amesema, tena kwa upole, upole ndio mbaya, "Baba, tia sahihi, zitundikwe, tufurahi, halafu upumzike. Mjini basi." Tangu Alhamisi kamera imefungiwa kwa kabati lake. Mimi, Bi Kijakazi, mtu wa miaka sabini na nne, nimefungiwa kamera kama mtoto amefungiwa mpira.

Nilimwambia hata zamani pale River Road nilipiga hivyo. Akasema, "Nionyeshe moja. Moja tu ya wakati huo, na leo hii nakurudishia." Moja tu. Na mimi nilikuwa nazo thelathini na sita. Nani aliziunguza? Usijibu.

Anita anataka jawabu kabla ya katikati ya Aprili. Sahihi sitii. Wacha nife sijulikani, lakini nife nikiwa naona.

Mbuthia


Kibokoni, 12 Machi 2025

Mbuthia,

Nimefunga, na aliyefunga hatakiwi kubeba uongo, hasa wa miaka ishirini na minane. Basi nautua.

Mkanda wako haukuungua.

Ninao. Uko ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na vyeti vya marehemu mume wangu na meno ya kwanza ya wanangu. Nega zote, yaani filamu yenyewe, nimezikata sita sita, nikazifunga kwa karatasi ya mafuta. Kila nilipohama nyumba nilihama nazo, na kila mtu akiuliza nasema ni vitu vya watu.

Sikiliza kabla hujarusha kofia. Siku ile ulipewa mkanda wa studio ukapige sherehe ya kumuaga karani mmoja. Wangeci alikuwa na siku nne kaburini. Ulirudi umechelewa, ukanipa mkanda ukakaa ngazini. Nikaingia chumba cha giza, nikausafisha, nikauinua kwenye taa. Karani hayumo. Keki haimo. Mna mistari tu, mistari na ukungu, picha baada ya picha. Nikasema moyoni, Mbuthia amelewa. Kafiwa, amelewa, na kamera imemshinda mkononi.

Na bwana mkubwa, mwenye studio, alikuwa nje anangoja. Ulijua alivyokuwa. Alikuwa amekwisha kukuonya mara mbili kwa kuchelewa tangu Wangeci alazwe, na mara ya tatu ilikuwa ni kuoneshwa mlango. Nikafanya lililonijia. Nikautia mkanda ndani ya buibui, nikatoka, nikasema mbele yenu nyote kwamba nimefungua taa kwa bahati mbaya, nimeuunguza mimi. Barua ya onyo niliandikiwa mimi. Ninayo pia, kopo hilo hilo.

Nilidhani nimekuficha aibu. Nawe ukanuna. Ukaninunia miaka yote hiyo na bado ukawa unaniletea chai kila saa nne, nikawa sijui nikushukuru au nikumwagie.

Sikukwambia kwa sababu ningelazimika kukwambia nilidhani ulikuwa umelewa. Sasa umeniambia ulikuwa ukijua ulifanyalo, nami naona haya mara mbili.

Ridhwan anakuja kwa Idd. Atarudi na kopo. Lakini kwa sharti. Mimi nimesema langu, sema lako. Jicho, Mbuthia.

Kijakazi


Uthiru, Jumatano, 19 Machi 2025

Bi Kijakazi,

Nilikaa na barua yako siku mbili bila kuifungua tena. Nilikuwa na hasira nzuri, ya zamani, imekomaa, na wewe umeninyang'anya. Mtu wa kumkasirikia sina tena. Sijui nitafanya nini na jioni zangu.

Sikulewa. Siku ile sikuonja kitu. Nilishuka steji nikienda kwa hiyo sherehe ya karani, nikaona watu Tom Mboya wanakimbia kama kawaida. Wangeci amekufa na hakuna hata mmoja amepunguza mwendo. Nilisikia hasira mpaka masikio yakafunga. Nikasema, nyinyi, nitawapiga hivyo hivyo na mbio zenu. Nikatoa kamfuko kake ka maharagwe, nikakaweka juu ya ndoo ya muuza mahindi, nikapiga mpaka mkanda ukaisha. Nilipomaliza hasira ilikuwa imepungua. Niliona kumbe na wao wamefiwa na vitu vyao, ni vile tu hakuna aliyewapa ruhusa ya siku tatu. Nilitaka nikuonyeshe hiyo. Ulipotoka ukasema imeungua, nikajua umeiona na umeitupa.

Sharti lako. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho tangu mwezi wa nane. Daktari amesema linafanyiwa upasuaji, asubuhi moja tu, na mtu anaenda nyumbani. Nimeficha karatasi yake ndani ya Biblia, Kitabu cha Hesabu, mahali Waithera hafiki. Sikuficha kwa woga wa kisu. Nikisema jicho ni bovu, nani ataamini mkono ni mzima? Watasema unaona, tulikwambia. Picha zote zitakuwa za jicho, hakuna hata moja itakuwa yangu. Mimi napiga na la kulia, na la kulia linaona mpaka dhambi zako.

Yote mawili ni kweli, jicho ni bovu na picha nilikusudia. Lakini watu hawana nafasi ya mambo mawili.

Mbuthia


Kibokoni, 3 Aprili 2025

Mbuthia,

Idd njema, ingawa si yako. Kula halua niliyotia humu, usimpe Ridhwan, amekwisha kula yake.

Jana nilifungua kopo. Nilitwaa ile lenzi yangu ndogo ya kukagulia, nikaketi dirishani adhuhuri, nikazitazama nega moja baada ya nyingine, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Siku ile niliziangalia kwa dakika moja na roho juu juu.

Mbuthia, viatu.

Katika kila moja mna kiatu kimetulia. Mtu mzima amepita kama moshi, kichwa hana, mikono hana, lakini mguu ule aliokanyagia umesimama mkavu, kamba zake naziona, kisigino kilicholika upande nakiona. Na ukingo wa barabara umenyooka kama wembe. Mkono ukitetemeka kila kitu hutetemeka, kiatu, ukingo na nguzo. Hapa hakijatetemeka kitu ila watu. Mlevi angeweza kubahatisha moja. Wewe umefanya mara thelathini na sita.

Nilikuwa bingwa wa chumba cha giza Nairobi nzima na hilo silo lililonipita, mimi ndiye niliyelipita kwa haraka. Kisha nikatoa ile uliyonitumia Februari, "Niko Njiani". Nayo ina champali moja chini pembeni, shwari kabisa. Jirani alikuwa ameifunika kwa kidole gumba.

Kwa nini hukumwambia mtu atazame viatu? Wewe na kiburi chako.

Nipe radhi.

Kijakazi


Uthiru, Jumapili, 27 Aprili 2025

Bi Kijakazi wa Chumba cha Giza,

Radhi nimekupa, lakini kwa masharti, utayaona mwisho wa barua.

Halua iliisha kabla ya kufika Uthiru. Kopo lilifika. Sikumwonyesha Waithera nyumbani, ningemwonyesha jikoni angesema "mmm" ya karani na kuendelea kukata sukuma. Nilimwambia nipeleke Hurlingham nikatie sahihi. Alifurahi, akanivalisha koti. Tulipofika Anita alikuwa ametoa karatasi na kalamu iko wazi. Mimi nikaweka kopo la biskuti juu ya karatasi.

Wana meza ina taa chini ya kioo. Nikapanga nega zako hapo, na mikono yangu hii wanayosema inatetemeka, moja kando ya nyingine. Nikampa Waithera lenzi. "Ulisema nikuonyeshe moja," nikasema. "Anza na hizi."

Aliinama muda mrefu. Anita alikuwa upande ule mwingine anazunguka kama kuku anatafuta pa kutagia.

Waithera akauliza bila kuinua kichwa, "Hii ni wapi?"

"Tom Mboya."

"Lini?"

"Siku nne baada ya kumzika mamako."

Akaendelea kuangalia. Nilimwonyesha kiatu. Nikamwonyesha ukingo wa barabara. Kisha nikatoa zangu za sasa kwa bahasha, nikamwonyesha kiatu na ukingo. Sikueleza, nilimwacha akae nazo.

"Na mkono haukutetemeka siku hiyo?" akauliza.

"Kama kuna siku ungetetemeka ni hiyo."

Hapo ndipo nilitoa karatasi ya daktari kwa mfuko wa ndani wa koti, nikaiweka kwa hiyo meza ya taa, juu ya kila kitu. Nilimwambia jicho ni bovu kweli, karatasi nilimficha ndani ya Kitabu cha Hesabu, na jicho nitalipeleka likatwe. Jicho likatwe, kamera isiguswe. Akaisoma mpaka chini, hata zile herufi ndogo, huyo ni mtu wa bima. Akasema, "Kitabu cha Hesabu, eh? Nilikuwa nimefika Mambo ya Walawi." Kumbe alikuwa anatafuta.

Hakuomba msamaha na mimi sikungoja. Lakini nilipoamka asubuhi nilipata kamera juu ya meza, kando ya chai, betri imejaa.

Na Anita sasa. Unadhani alishindwa? Huyo hashindwi. Alifuta "Macho Yanayozimika", akakaa chini, akaandika "Machozi ya Mjane wa Kiume". Ametoka kwa kipofu ameingia kwa mfiwa. Nikamwambia msichana, hapa kuna mambo ya landilodi, ya bosi, ya dada wa kazi anataka kwenda, ya mtu kukimbia miaka thelathini na hajajua ni nani anamfukuza. Ukiandika kilio changu hapo, kila mtu ataniangalia mimi anihurumie, na atatoka bila kujiona. Akasema lazima kuwe na maneno, ukuta hauwezi kukaa bila maneno. Nikachukua ile kalamu yake iliyokuwa wazi, nikageuza ile karatasi ya sahihi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la sita:

MKONO UKO SAWA. ANGALIA VIATU. Mbuthia wa Uthiru.

Alikaa nayo siku tatu. Akaitundika.

Kwa hivyo yale niliyokudanganya Februari, sasa rudi uyasome tena, yamekuwa kweli. Juzi Ijumaa ukuta ulikuwa mweupe, picha zikawa kumi na mbili za sasa na sita zako za kopo, suti zikaja, glasi zikaja. Ila hakuna aliyenishika mkono kama askofu. Hawakuwa na nafasi, walikuwa wameinama. Chumba kizima, watu wa Hurlingham, wamechuchumaa na glasi zao wakitafuta viatu. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya "Niko Njiani" na mfuko wa karatasi mkononi, viatu vya kazi vinachungulia, miguuni champali. Alikuwa amepita tu njia akaingia. Akaniambia, "Mzee, huyu ni mimi."

Nikamuuliza siku gani.

"Sijui siku gani," akasema. "Zote ziko hivi."

Akasimama hapo dakika tano nzima. Nilizipima. Simu yake ililia mara mbili na hakushika. Bi Kijakazi, miaka hamsini nimewaambia watu watulie na hakuna aliyewahi kutulia hivyo.

Jicho linakatwa tarehe tano Mei. Waithera amechukua likizo, na amechapisha orodha ya vitu nisivyoruhusiwa kubeba. Mjini nitarudi baada ya wiki mbili, amekubali, ila nivae kofia. Soja wa lile jengo la Moi Avenue, kumbe ni mteja wa Ridhwan, alimuuliza habari zangu. Ati watu wanapita pale tu siku hizi, hakuna wa kuwaona.

Sasa masharti ya radhi. Unanidai halua, sawa. Lakini mimi nakudai kitu cha zamani zaidi. Miaka kumi na tisa ulisafisha nyuso za Nairobi nzima na yako haimo hata kwa nega moja. Kila nilipoinua kamera uliingia gizani ukafunga mlango. Ulisema, na usikatae kwa sababu mwenye studio alisikia, ulisema utasimama nikupige siku yako ya mwisho kazini. Siku yako ya mwisho ulitokea mlango wa nyuma.

Njoo mwezi wa sita. Ridhwan atakupokea, anangoja harusi huyo. Tutasimama River Road chini ya zile ngazi zetu, saa kumi na moja, watu wakipita. Kamfuko ka maharagwe nitakuja nako, robo sekunde tu, halafu tutakunywa chai. Nitakuambia kidevu juu, mabega chini, usitikisike, kwa sababu mdomo umezoea.

Usinisikilize.

Ni mimi anayekudai,
Mbuthia